Bakuli Tupu la Bi Mashavu

Palikuwa na nchi. Msiniulize iko upande gani, maana hata wenyeji wake wakiulizwa hutazama nyuma kwanza, kisha hujibu kwamba hawajui. Ilikuwa nchi nzuri. Nasema nzuri kwa sababu sheria yao ilitaka isemwe hivyo, nami sipendi ugomvi na nchi za watu.

Katika nchi hiyo watu hawakujumlisha. Siku ya kwanza alipokalia kiti, Mtukufu Mzidishaji alitangaza kwamba kujumlisha ni hesabu ya watu waliokata tamaa. "Leo moja, kesho moja," alisema, "hivyo mtafika lini? Jirani zetu wanajumlisha, na mnawaona walivyodumaa. Sisi tutazidisha."

Basi kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, kila nyumba ilipeleka bakuli lake la udongo kwa Mpokea Bakuli wa mtaa. Ndani ya bakuli mwenye nyumba alitia kunde, kunde moja kwa kila furaha iliyoingia kwake mwaka ule. Mtoto kapona surua, kunde. Mbuzi kazaa pacha, kunde. Kisha mabakuli yote ya nchi yalizidishwa, hili kwa lile, lile kwa jingine, na jibu lake likaitwa Namba Kuu ya Furaha. Mtukufu mwenyewe aliisoma uwanjani. Ilikuwa namba ndefu kweli. Watu walisimama juani tangu asubuhi, na walioanguka kwa kiu waliandikwa kuwa wamelemewa na furaha.

Sasa wenye akili zao walikuwa na ujanja mmoja: walitia kunde moja. Ukizidisha kwa moja humwongezei mtu wala humpunguzii, umepita kama hukupita. Sadala, Mpokea Bakuli wa mtaa wa Majivuni, alikuwa mmoja wa hao. Alitia moja mwaka aliooa, alitia moja mwaka paa lake lilipoezuliwa na upepo, na alitia moja mwaka ule walipokuja kumchukua mdogo wake Idrisa kutoka kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Kunde moja haimuudhi mtu," alimwambia mkewe mwaka ule. Tangu siku hiyo jina la Idrisa halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

*

Jirani wa Sadala, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bi Mashavu, mwanamke wa makamo aliyesuka mikeka na kupenda vitendawili. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena, mwalimu wa darasa la pili. Huyu Zuwena siku moja alipanga vikombe vitano mezani, akaviondoa vyote, akawauliza watoto vimebaki vingapi. Watoto wakasema sifuri. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Vikombe vimekwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Tumevitoa, mheshimiwa. Hili ni somo la kutoa."

"Katika nchi hii," akasema mkaguzi, "hakuna kinachotolewa."

Na jioni hiyo wakamtoa Zuwena nyumbani kwao, wakampandisha gari, na sifuri ikafutwa kwenye vitabu vya shule ili isije ikamsumbua mtoto mwingine.

Mwaka huo, siku ya kupeleka mabakuli, Bi Mashavu alifika mbele ya meza ya Sadala na bakuli lililooshwa likakauka vizuri. Halikuwa na kitu.

"Bi Mashavu, umesahau kunde," Sadala akasema kwa upole.

"Sijasahau."

"Tia moja basi. Hata ya kuazima. Ninazo mfukoni."

"Furaha ya kuazima, mdogo wangu?" Bi Mashavu akamtazama. "Haya, nikuulize wewe tunayegawana ukuta. Mwaka huu umesikia nini upande wangu?"

Sadala alikuwa amesikia. Kila jioni alisikia sahani mbili zikiwekwa chini, kisha baada ya muda sahani moja ikioshwa. Akainamisha kichwa. Nyuma ya Bi Mashavu foleni ilikuwa ndefu, na jua kali. Akawaza: bakuli tupu litamdhuru nani? Ukimimina bakuli tupu kwenye gunia, gunia haliongezeki wala halipungui. Akalipokea, akaliweka pamoja na mengine, akasema, "Anayefuata."

Mnaliona kosa lake. Kwa muda mfupi tu, mtu wa watu, alikuwa amejumlisha.

*

Siku moja kabla ya Namba kusomwa, asubuhi, gari lilikuja kumchukua Sadala kazini. Hakuambiwa kitu njiani. Alipelekwa hadi Ukumbi wa Kuzidisha, mbao nyeusi kuanzia sakafuni mpaka darini, na hapo akamkuta Waziri wa Kuzidisha amesimama katikati, jasho linamtoka na kofia iko mkononi.

Mbao zote zilikuwa zimejaa tarakimu, safu juu ya safu, mpaka ubao mmoja ulioandikwa Majivuni. Baada ya ubao huo palikuwa na duara moja la chaki. Na ubao uliofuata, duara. Na uliofuata, duara, mpaka mlangoni.

"Nieleze hiki ni nini," Waziri akasema.

Sadala hakuthubutu. Lile neno lilikuwa limefutwa vitabuni.

Wazidishaji walikuwa wamejaribu kila njia. Walidhani chaki ina kasoro, wakaleta chaki mpya. Waliliondoa bakuli la Bi Mashavu katikati wakalizidisha mwisho: duara. Wakalizidisha mwanzo, na hapo kazi ikawa nyepesi hadi ikawatisha, maana walipata duara tangu ubao wa kwanza na halikuondoka tena. Wakaenda kuwaomba matajiri waongeze kunde kwenye mabakuli yao, ili namba iwe kubwa kiasi cha kulishinda lile duara. Wakaongeza. Duara likameza na hizo.

Kwenye kona, profesa mmoja alikuwa ameupa ukumbi mgongo, anaandika kwa kasi. Huyu alikuwa amegundua kwamba dawa ya kuzidisha ni kugawanya: kilichopotea kwa kuzidishwa na sifuri, kigawanywe kwa sifuri, kitarudi. Alijiuliza sifuri inaingia mara ngapi ndani ya sifuri. Akajaribu mara tatu, ikakubali. Akajaribu mara mia nane, ikakubali. Akajaribu umri wa mama yake, ikakubali. Kila namba aliyoishika ilikuwa jibu sahihi, na tangu jana alikuwa hajala, anacheka kidogo kidogo peke yake.

"Ni wewe uliyelipokea," Waziri akasema.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nilidhani tupu haiongezi wala haipunguzi."

"Ulijumlisha moyoni?"

Kujumlisha kwa mdomo kulikuwa na faini. Kujumlisha moyoni kulikuwa na lile jengo jeupe nyuma ya posta, lisilo na dirisha, ambalo kila mtu alijua namna ya kulipita bila kuliona.

"Kesho Mtukufu atapanda jukwaani," Waziri akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Watu uwanja mzima. Atafungua karatasi, atasoma neno moja, atakunja karatasi. Baada ya hapo atamtazama nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Na mimi nitamtazama nani?"



*

Walitoka na magari. Mbele Waziri na Sadala, na bakuli limewekwa juu ya mto wa hariri. Katikati maofisa wawili, Jicho la Kulia na Jicho la Kushoto. Nyuma kabisa, tingatinga.

Nieleze hayo Macho, nisije nikamwacha mtu njiani. Mtaniuliza, kwa nini Waziri asidondoshe kunde bakulini kimya kimya, mambo yakaisha? Palikuwa na Sheria ya Mkono wa Mwenyewe: kunde itiwe na mwenye nyumba tu, na mkono mwingine ukiingia bakulini, ukatwe. Mtukufu ndiye aliyeitunga, maana alijua vizuri jinsi kunde zinavyoweza kuingia kwenye mabakuli ya watu. Kiti chake alikipata kwa njia hiyo. Kazi ya Jicho la Kulia ilikuwa kulinda bakuli. Kazi ya Jicho la Kushoto ilikuwa kumtazama Jicho la Kulia. Na Jicho la Kulia naye, akipata nafasi, alimtazama Jicho la Kushoto.

Walimkuta Bi Mashavu uani, anasuka ukili wa mkeka. Jikoni chungu cha kunde kilikuwa kinachemka.

"Karibuni," akasema, bila kusimamisha mikono.

Waziri akavaa kofia ili apate kuivua. "Bi Mashavu. Serikali yako tukufu, ambayo haijawahi kukosa kitu, kwa unyenyekevu wake usio na mfano duniani, imekuja kukuomba kunde moja."

"Kunde zipo jikoni, baba. Wachukulie wenzako wote, wale."

"Uitie bakulini kwa mkono wako."

"Hiyo sasa si kunde. Hiyo ni furaha. Nayo sina."

Waziri akaahidi paa la bati. Bi Mashavu akasema la makuti linamtosha. Akaahidi barabara ipewe jina lake. Bi Mashavu akauliza barabara itampeleka wapi. Jicho la Kulia akatoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Sadala akapiga magoti mchangani. "Bi Mashavu, nakuomba mimi. Sio wao. Mimi. Kesho wananimaliza."

"Najua, mdogo wangu." Akasita kidogo, ukili umening'inia vidoleni. Sadala akadhani amekubali. Kisha Bi Mashavu akageuka kwa Waziri. "Mheshimiwa. Kitendawili."

Waziri hakuwa na nia ya kujibu. Lakini kuna mambo mtu hufundishwa kabla ya uwaziri, na mdomo wake ukajisemea wenyewe: "Tega."

"Hana jino, hana tumbo, kameza nchi nzima na hajashiba."

"Moto," akasema Waziri.

"Moto hushiba kuni zikiisha."

"Kaburi."

"Umekaribia."

"Mamba."

"Mamba ana meno, Mheshimiwa," akasema Jicho la Kulia, na papo hapo akatamani asingesema.

Waziri akafikiri, akashindwa.

"Nipe mji," akasema Bi Mashavu, kama ada ilivyo ya mtu aliyeshindwa.

Waziri akampa mji wa bandari.

"Nimefika bandarini," Bi Mashavu akasema, akifumba macho. "Nimezunguka masoko yake, nimeuliza mlango kwa mlango. Zuwena hayupo. Mji huu siutaki. Nipe mwingine."

Akampa mji wa milimani.

"Nimefika. Baridi kali. Nimewauliza wanaookota kuni. Zuwena hayupo. Nipe mwingine."

Sauti ya Waziri ilikuwa imeanza kukauka. Akampa mji mkuu.

"Nimefika mji mkuu. Nimepita posta. Nyuma yake pana jengo jeupe. Nimebisha hodi." Akafumbua macho. "Hapo sikufunguliwa, baba."

Hata Macho wawili walitazama chini.

"Basi," akasema Waziri, na uso wake ukawa mwingine. "Nimejaribu kwa wema. Kisichokuwepo hakizidishwi. Nyumba hii isipokuwepo, hakuna mwenye nyumba, hakuna bakuli, hakuna swali." Akainua mkono. Dereva wa tingatinga akawasha injini, na ukuta wa Bi Mashavu, ambao ndio ukuta wa Sadala, ukaanza kutikisika.

Bi Mashavu hakuinuka.

Sadala alikuwa bado amepiga magoti. Alitazama bakuli juu ya mto wake, akatazama lile tingatinga, na katika woga wake akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa nchi ile aliliona msibani. Maneno ya kwanza hayakusikika vizuri.

"Mheshimiwa, bakuli litabaki."

"Unasema nini?"

"Nyumba ikifa, bakuli lake huvunjwa kizingitini na mtoto wa nyumba. Mtoto mwenyewe, si mwingine. Lisipovunjwa na huyo, nyumba inahesabiwa bado ipo. Ukimwondoa Bi Mashavu, bakuli litabaki tupu, na hatakuwepo wa kulitia kunde. Litakuwa tupu kesho, na mwaka ujao, na miaka yote ya Mtukufu."

Waziri akashusha mkono pole pole. Injini ikazimwa. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga nyuma ya ua.

"Huyo mtoto wa nyumba ni nani?" Waziri akauliza, ingawa alijua.

Hakuna aliyejibu, maana majina ya waliochukuliwa hayakuwa na ruhusa ya kutajwa. Bi Mashavu alikuwa akimtazama Sadala.

"Zuwena," Sadala akasema.

Lilitoka jepesi kuliko alivyotarajia. Na nyuma yake jina jingine likapanda mpaka kooni, likakwama hapo.

*

Kuna ofisi ambazo huchukua miaka kutafuta faili. Siku hiyo Zuwena alipatikana kabla chungu hakijaiva vizuri.

Gari lilimshusha mlangoni. Amekonda, khanga ni ile ile aliyoondoka nayo. Bi Mashavu hakukimbia. Alifunga ncha ya ukili wake, akakosea, akafunga tena, kisha akasimama.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Pita, kaa."

Akaingia jikoni. Akarudi na sahani mbili, na katika ncha za vidole vyake ameshika kunde moja inayofuka moshi. Akaitia bakulini.

"Kunde iliyopikwa inahesabiwa?" Jicho la Kulia akamnong'oneza mwenzake.

"Nyamaza," akasema Jicho la Kushoto.

Waziri alikuwa ameshaingia garini. Lakini kabla ya kufunga mlango akainama, akawaambia mama na mwana kwa sauti laini kabisa: "Kesho Namba ikishasomwa, tutazungumza tena, sisi na ninyi."

Zuwena alikuwa na tonge mkononi. "Mwaka ujao pia kuna bakuli, Mheshimiwa," akasema.

Waziri akaonekana akihesabu miaka, na mwaka mmoja mmoja, kila alipoufikia, ulimjia na bakuli lake. Mlango ukafungwa taratibu.

Kesho yake Mtukufu aliisoma Namba Kuu mpaka adhuhuri, na watu wengi sana walilemewa na furaha. Profesa hakuhudhuria. Alikuwa bado anapata majibu.

*

Mwaka ukazunguka, ukafika wakati wa mabakuli. Mtaa wa Majivuni ulikuwa na utulivu ambao Sadala hakuupenda. Serikali nayo haikuupenda. Safari hii iliwaweka Macho wawili kwenye meza yake tangu mwanzo.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Bi Mashavu na Zuwena walisimama mbele, wamebeba bakuli lao wazi, kunde moja ndani. Nyuma yao Sadala aliona kitu ambacho hajawahi kukiona: watu wamefunika mabakuli kwa kawa, kama chakula kinachopelekwa ugenini. Mjane wa fundi baiskeli amefunika. Baba mmoja mwenye mapacha amefunika. Wote walimtazama Sadala, kwa sababu ada ilikuwa Mpokea Bakuli aanze kwa kuweka lake.

Bakuli la Sadala lilikuwa chini ya meza, juu ya mapaja yake. Kunde yake ilikuwa ndani, moja, kama kila mwaka.

Akawaza kinyozi. Akawaza nywele za Idrisa zilizobaki sakafuni, nusu kichwa, na yule kinyozi aliyezifagia haraka haraka bila kumtazama mtu. Akawaza mkewe, aliyelikabidhi bakuli hili asubuhi, na alipolikabidhi hakuliachia mara moja.

Akaingiza vidole bakulini, mkono wake mwenyewe kama sheria inavyotaka, akaitoa kunde. Akaitia mdomoni. Ilikuwa kavu kama changarawe, ikampa kazi kuitafuna.

Kisha akaliweka bakuli juu ya meza.

Jicho la Kulia akalitazama, akainama akachungulia ndani, akainuka. Uso ulikuwa umembadilika rangi. Jicho la Kushoto, ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama mwenzake, safari hii alikuwa anatazama kawa zilizo kwenye foleni, moja baada ya nyingine.

"Bwana Sadala," akasema Jicho la Kulia, polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe uongo. "Umesahau kunde."

Sadala alimaliza kwanza kutafuna.

"Sijasahau," akasema. "Anaitwa Idrisa."

Na kule nyuma kwenye foleni, kawa ya kwanza ikafunuliwa.

Mimi nimefika hapo. Kama mnataka kujua mwaka ule Mtukufu alisoma nini uwanjani, zidisheni wenyewe. Hesabu yake ni fupi.